Ifahamu Sayansi ya Mwanga Unaobadili Rangi na Wimbi Pweke Lisilotawanyika

Kila ifikapo tarehe 16 Mei, dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Mwanga, iliyochaguliwa kwa kumbukumbu ya leza ya kwanza iliyowashwa na mwanafizikia Theodore Maiman nchini Marekani tarehe 16 Mei, 1960. Mwaka 2024, siku nne kabla ya maadhimisho hayo, wakazi wengi wa Afrika Mashariki walionja adha ya kuukosa mwanga wasiouona. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei, mikongo ya mawasiliano ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na huduma za intaneti nchini Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu zikadorora.

Kinachobeba ujumbe ndani ya mikongo hiyo ni mwanga wa leza unaopita katika nyuzi za kioo nyembamba. Wananchi wengi huufikiria uzi wa kioo kama bomba la maji: kinachoingizwa upande mmoja hutoka upande wa pili kikiwa vilevile, na anayetaka kupeleka zaidi huongeza msukumo tu. Dhana hiyo ni sahihi kwa mwanga hafifu. Mwanga unapokuwa mkali vya kutosha, kioo chenyewe hubadilika kwa sababu ya mwanga unaopita, na badiliko hilo huurudia mwanga na kuugeuza.

Kutokana na badiliko hilo hutokea mambo mawili yanayoelezwa katika makala haya. La kwanza ni mwanga kubadili masafa yake, yaani rangi moja kuingia na nyingine kutoka. La pili ni kuzaliwa kwa wimbi pweke, ambalo wanasayansi huliita solitoni, linalosafiri mbali bila kutawanyika. Mambo hayo mawili yana sehemu katika tiba ya macho, katika vifaa vinavyouzwa madukani, na katika swali la kiasi gani cha taarifa kinaweza kupita kwenye mkongo mmoja.

Mwanga mpole na mwanga mkali

Katika maisha ya kila siku mwanga ni mpole. Kurunzi mbili zikimulikana usiku, miale yake hupishana bila mmoja kuusumbua mwingine. Mwanga mwekundu ukipita kwenye kioo cha dirisha hutoka ukiwa mwekundu. Taa ya pili ikiwashwa chumbani, mwangaza huongezeka kwa kadiri ya taa hiyo, wala haitokei rangi ngeni. Kinachotoka hulingana na kilichoingia.

Sababu yake imo ndani ya atomi. Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku, na unapoingia katika kioo huzitikisa elektroni zilizomo. Elektroni hizo nazo hutoa mwanga kwa masafa yaleyale zinayotikiswa. Masafa ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde, nayo ndiyo huamua rangi: mwanga wa buluu una masafa makubwa kuliko mwekundu. Mtikisiko ukiwa mdogo, elektroni huufuata barabara. Mtikisiko ukizidi mno, elektroni husukumwa mbali na mahali pake kiasi cha kushindwa kuufuata sawasawa, na katika mwendo wake uliopotoka huzaliwa masafa ambayo hayakuwamo katika mwanga ulioingia.

Mfano wa karibu ni spika ya sherehe mtaani. Sauti ikiwa ya wastani, wimbo husikika kama ulivyorekodiwa. Fundi mitambo akiifungulia hadi mwisho, spika huanza kukwaruza, na msikilizaji husikia milio ambayo mwimbaji hakuiimba. Milio hiyo mipya huwa na masafa ambayo ni mara mbili au mara tatu ya yale ya awali. Kwa fundi mitambo kukwaruza huko ni kasoro. Kwa mtaalamu wa mwanga, jambo la aina hiyohiyo ni njia ya kupata rangi ambayo hana leza ya kuitoa.

Kabla ya mwaka 1960 hakukuwa na chanzo cha mwanga chenye ukali wa kutosha kuionesha tabia hiyo waziwazi. Leza ilibadili hali hiyo, kwa kuwa mwanga wake hutikisika kwa pamoja na unaweza kukusanywa mahali padogo sana.

Nukta iliyofutwa kwenye picha

Mwaka mmoja tu baada ya leza ya Maiman, Peter Franken na wenzake watatu katika Chuo Kikuu cha Michigan walielekeza mwanga wa leza ya rubi kwenye fuwele ya kwatzi. Mwanga ulioingia ulikuwa mwekundu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 694.3. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Mwanga uliotoka ulipopigwa picha baada ya kutenganishwa rangi zake, palionekana doa kubwa la mwanga mwekundu, na kando yake nukta ndogo iliyofifia mahali pa nanomita 347.2, katika mwanga wa urujuanimno ambao jicho la binadamu halioni.

Urefu wa wimbi uliopungua kwa nusu maana yake ni masafa yaliyoongezeka maradufu. Chembe mbili za mwanga mwekundu, ambazo huitwa fotoni, zilikuwa zimeungana ndani ya fuwele na kuwa fotoni moja yenye nishati ya zote mbili. Nishati haikupotea wala haikuongezeka, bali ilibadili sura.

Matokeo hayo yalichapishwa mwezi Agosti 1961 katika jarida la Physical Review Letters. Hata hivyo, nukta yenyewe haikuonekana katika nakala zilizochapishwa. Katika maandalizi ya picha ilidhaniwa kuwa uchafu ikafutwa, na ukabaki mshale unaoelekeza mahali patupu. Kosa hilo linaeleweka ukizingatia udogo wa kilichopatikana: ni sehemu moja hivi kati ya milioni mia moja ya mwanga ulioingia ndiyo iliyobadilika.

Ufanisi mdogo namna hiyo usingekuwa na manufaa yoyote kiwandani, hivyo swali lililofuata lilikuwa ni nini kinachozuia kiasi kikubwa zaidi kubadilika.

Kwenda kwa hatua moja

Jibu lilipatikana mwaka 1962. Katika fuwele, rangi tofauti husafiri kwa mwendo tofauti. Mwanga mwekundu hutangulia, na ule mpya wenye masafa maradufu hubaki nyuma. Kwa hiyo mwanga mpya unaozaliwa mwanzoni mwa fuwele na ule unaozaliwa mbele kidogo haupandi na kushuka kwa pamoja. Kabla ya kumaliza hata milimita moja, mawimbi hayo huanza kufutana, kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja ambao kila mmoja anavuta kwa wakati wake.

Dawa yake ilikuwa kuchagua fuwele ambayo ndani yake mwendo wa mwanga hutegemea pia uelekeo wa mtikisiko wake. Fuwele hiyo ikikatwa kwa pembe maalumu, rangi ya zamani na rangi mpya husafiri kwa mwendo mmoja, na kila kinachozaliwa hujazia kilichotangulia. Kwa utaratibu huo ufanisi umepanda hadi kuvuka nusu ya mwanga wote unaoingia katika mitambo mingi. Nicolaas Bloembergen wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye pamoja na wenzake aliandika mwaka huohuo nadharia ya jumla ya jambo hili, alikuwa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1981.

Leo utaratibu huo unatumika kwa vipimo vidogo na vikubwa. Hospitalini, leza za kijani za nanomita 532, ambazo nyingi hupatikana kwa kuongeza maradufu masafa ya mwanga wa nanomita 1,064, hutumika kutibu mishipa ya damu iliyoharibika nyuma ya jicho, yakiwemo madhara ya kisukari. Katika kituo cha National Ignition Facility nchini Marekani, miale 192 ya leza hupitishwa kwenye fuwele kubwa zinazoigeuza kutoka nanomita 1,053 hadi 351, yaani masafa mara tatu, kabla ya kufika kwenye shabaha. Tarehe 5 Desemba, 2022 miale hiyo ilipeleka kwenye shabaha nishati ya megajuli 2.05, na muungano wa viini vya atomi ukatoa megajuli 3.15. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maabara kwa muungano wa viini kutoa nishati zaidi ya ile iliyopelekwa kwenye shabaha, ingawa umeme uliotumika kuendesha leza zenyewe ulikuwa mwingi zaidi.

Tahadhari kuhusu kalamu za leza za kijani

Kifaa cha kubadili masafa ambacho mwananchi anaweza kukutana nacho kwa urahisi ni kalamu ya leza ya kijani inayotumiwa na wahadhiri. Nyingi kati ya kalamu hizo hazitengenezi mwanga wa kijani moja kwa moja. Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachotoa mwanga wa infraredi wa nanomita 808. Mwanga huo huichochea fuwele ya kwanza, ambayo hutoa mwanga wa nanomita 1,064, nao pia hauonekani kwa macho. Fuwele ya pili huongeza masafa maradufu na kuupata ule wa kijani wa nanomita 532.

Kwa kuwa mwanga wote wa infraredi haugeuki kuwa kijani, kalamu iliyotengenezwa vizuri huwekewa kichujio cha kuzuia unaobaki. Baadhi ya kalamu za bei ndogo hazina kichujio hicho. Mwaka 2010, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilieleza kuhusu kalamu mojawapo iliyopimwa ambayo kijani chake kilikuwa hafifu, ilhali mwanga wa infraredi uliokuwa ukitoka ulikuwa mwingi kuliko wa kijani. Hatari yake ni kwamba jicho hufumba haraka linapopigwa na mwanga mkali unaoonekana, lakini halina kinga hiyo dhidi ya mwanga lisiouona.

Kwa sababu hiyo, kalamu ya leza si kitu cha watoto kuchezea. Haipaswi kuelekezwa usoni mwa mtu, kwa dereva au kwa ndege. Kijani kilichofifia hakimaanishi kuwa kalamu ni salama.

Farasi, mfereji na wimbi lililokataa kuvunjika

Jambo la pili, yaani wimbi pweke, lilianza kuonekana majini miaka mingi kabla ya leza. Mwezi Agosti 1834, mhandisi John Scott Russell alikuwa kwenye Mfereji wa Union karibu na Edinburgh, Scotland, akiangalia mashua iliyokuwa ikivutwa na farasi wawili. Mashua iliposimama ghafla, maji yaliyokuwa yamekusanyika mbele yake hayakusimama. Yalijikusanya yakawa mlima mmoja laini wa maji, wenye urefu wa takriban mita 9 na kimo cha kati ya sentimita 30 na 45, nao ukaenda zake mfereji mzima bila kubadili umbo.

Russell aliufuata akiwa juu ya farasi. Wimbi lilikuwa likienda kilomita 13 au 14 kwa saa, na aliliandama kwa kilomita mbili au tatu kabla ya kulipoteza katika kona za mfereji. Alijenga tangi la maji ili kulizalisha tena na kulipima, na mwaka 1844 taarifa yake ikachapishwa. Wanahisabati wakubwa wa Uingereza wa wakati huo, George Airy na George Stokes, walitilia shaka maelezo yake, kwa sababu nadharia waliyokuwa nayo haikuruhusu wimbi la namna hiyo kudumu. Russell alifariki mwaka 1882 bila kuona jambo hilo likikubaliwa kikamilifu.

Mwaka 1895, Waholanzi Diederik Korteweg na Gustav de Vries waliandika mlinganyo unaoonesha kwamba wimbi hilo linawezekana. Katika maji ya kina kifupi kuna nguvu mbili zinazovutana: moja hulitawanya wimbi, na nyingine hulikusanya kwa kuwa sehemu ya juu ya wimbi huenda haraka kuliko ya chini. Nguvu hizo zikilingana, wimbi hubaki na umbo lake. Mwaka 1965, Norman Zabusky na Martin Kruskal walitumia kompyuta na kugundua kwamba mawimbi hayo yakikutana hupenyana na kila moja kuendelea na safari likiwa na umbo lake la awali, kana kwamba ni chembe. Wakayapa jina la solitoni.

Kutoka majini hadi ndani ya kioo

Ujumbe kwenye uzi wa kioo unaweza kutumwa kwa mapigo mafupi ya mwanga: pigo likiwapo ni moja, lisipokuwapo ni sifuri. Tatizo ni kwamba pigo fupi haliwezi kuwa na rangi moja tu. Kadiri lilivyo fupi ndivyo linavyobeba masafa mengi zaidi ndani yake, na masafa hayo husafiri kwa mwendo tofauti. Katika nyuzi za kawaida, kwenye mwanga wa nanomita 1,550 unaotumika katika safari ndefu, masafa makubwa hutangulia na madogo hubaki nyuma. Pigo hurefuka kama kundi la wakimbiaji wa marathoni: mwanzoni wako pamoja, baada ya kilomita kadhaa wametandazwa barabarani. Mapigo jirani yakianza kuingiliana, mpokeaji hawezi tena kutofautisha moja na sifuri.

Hapo ndipo kioo kinapoingia kati. Mwanga mkali hukifanya kioo kiucheleweshe zaidi kidogo kuliko kinavyouchelewesha mwanga hafifu. Tabia hiyo hupewa jina la John Kerr, Mskoti aliyechunguza mwaka 1875 jinsi umeme unavyobadili upitaji wa mwanga katika vitu. Sasa, pigo la mwanga lina ukali mkubwa katikati na mdogo kwenye kingo zake. Upande wa mbele wa pigo, ukali unapopanda, ucheleweshaji huongezeka na mawimbi hunyooshwa, hivyo masafa hupungua. Upande wa nyuma, ukali unaposhuka, mawimbi hubanwa na masafa huongezeka. Pigo limebadili rangi zake lenyewe.

Kwa kuwa katika uzi huo masafa madogo huenda polepole, upande wa mbele huvutwa nyuma. Kwa kuwa masafa makubwa huenda haraka, upande wa nyuma husogea mbele. Pigo hujikusanya badala ya kutawanyika. Nguvu ya kukusanya ikilingana na nguvu ya kutawanya, pigo husafiri likiwa na umbo lilelile. Hiyo ndiyo solitoni ya mwanga, na kama inavyoonekana, inatokana na tabia ileile inayobadili masafa.

Akira Hasegawa na Frederick Tappert wa Bell Laboratories walilitabiri jambo hilo mwaka 1973, wakati ambapo nyuzi za kioo na leza za kulithibitisha hazikuwa zimefikia ubora unaotakiwa. Mwaka 1980, Linn Mollenauer, Roger Stolen na James Gordon wa maabara hizohizo walilionesha kwa majaribio. Mwaka 1988, Mollenauer na Kevin Smith waliyazungusha mapigo ya aina hiyo katika kitanzi cha uzi wa kioo hadi yakavuka umbali wa kilomita 4,000, karibu sawa na safari ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Cairo.

Kwa nini msukumo hauongezwi tu

Mwambao wa Afrika Mashariki ulitegemea sana setilaiti kwa mawasiliano ya kimataifa hadi mwaka 2009, ulipoingia mkongo wa SEACOM mwezi Julai, na mwaka huohuo mkongo wa TEAMS unaounganisha Mombasa na Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, wenye urefu wa takriban kilomita 10,000 kutoka Mtunzini nchini Afrika Kusini hadi Port Sudan. Mikongo ya namna hii hupitisha rangi nyingi za leza kwa wakati mmoja katika uzi mmoja, kila rangi ikibeba ujumbe wake.

Uzi bora wa kioo hupoteza nusu ya mwanga kwa kila kilomita 15 hivi. Kwa hiyo, kila baada ya makumi ya kilomita, chini ya bahari, huwekwa vikuza mwanga vinavyopata umeme kupitia waya uliomo ndani ya mkongo huohuo. Kila kikuza mwanga huongeza pia chembe za mwanga zisizo na ujumbe, ambazo kwa mpokeaji ni kelele. Mtu anaweza kushauri kwamba mwanga uongezwe nguvu ili ujumbe uizidi kelele. Ushauri huo unafaa hadi kiwango fulani tu.

Hesabu rahisi inaonesha kwa nini. Mwanga hupita katika kiini cha uzi chenye kipenyo cha takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Moja ya kumi ya wati, nguvu ndogo isiyotosha hata taa ya kusomea, ikibanwa humo huwa na ukali unaozidi mara milioni moja ukali wa jua la adhuhuri ardhini. Mwanga huo haupiti kioo chenye unene wa sentimita moja, bali maelfu ya kilomita. Hata tabia dhaifu sana ya kioo hupata muda wa kujijenga.

Matokeo yake ni kwamba rangi tatu zikisafiri pamoja zinaweza kuzaa rangi ya nne ambayo haikutumwa na mtu, na rangi hiyo inaweza kuangukia mahali palepale pa rangi nyingine inayobeba ujumbe. Kubadili masafa, ambako katika leza ya hospitali ni faida, huku baharini ni hasara. Wahandisi hukabiliana nako kwa kufanya kinyume cha kilichofanyika mwaka 1962: huchagua uzi ambao ndani yake rangi hazisafiri kwa mwendo mmoja, ili mwanga usiotakiwa ukizaliwa ujifute wenyewe. Hata hivyo, nguvu ikizidishwa mno, ujumbe huharibiwa na kioo chenyewe kuliko unavyoharibiwa na kelele. Ndiyo maana uwezo wa uzi mmoja una kikomo, na njia mojawapo ya kuongeza uwezo ni kuweka nyuzi nyingi zaidi au kulaza mkongo mpya.

Je, solitoni hazikuondoa tatizo hilo? Kwa sehemu tu. Mwaka 1986, James Gordon na Hermann Haus walionesha kwamba kelele za vikuza mwanga husukuma kidogo masafa ya kila solitoni. Masafa yakibadilika, mwendo nao hubadilika, na mapigo hufika mapema au kuchelewa kuliko inavyotarajiwa. Baadaye zilipatikana njia za kusahihisha mtawanyiko wa mapigo kwa hesabu za kompyuta kwenye kituo cha kupokelea. Kwa sababu hizo, mikongo ya kisasa kwa kawaida haitumii solitoni kubeba ujumbe, ingawa hesabu zilizotokana na solitoni hutumika kueleza yanayoupata mwanga ndani ya uzi.

Sega la mwanga

Solitoni zimerudi kwa njia nyingine. Mwanga wa leza moja ukiingizwa katika kijipete cha kioo au cha madini yanayopitisha mwanga, chenye kipenyo kidogo kuliko sarafu, huzunguka humo mara nyingi na ukali wake huongezeka. Rangi moja huzaa nyingine mbili, nazo huzaa nyingine, hadi hupatikana mfululizo wa rangi zilizopangika kwa nafasi sawa kama meno ya kitana. Mwanzoni mfululizo huo ulikuwa na vurugu. Mwaka 2014, watafiti wa Uswisi na Urusi walieleza namna ya kuutuliza: ndani ya kijipete huachwa solitoni moja ikizunguka, na meno yote ya sega hutikisika kwa mpangilio mmoja.

Hapa mambo mawili yaliyoelezwa katika makala haya hukutana. Ubadilishaji wa masafa ndio unaozalisha rangi, na solitoni ndiyo inayozishika pamoja. Mwaka 2017, watafiti wa Ujerumani na Uswisi walitumia masega ya namna hiyo kupeleka zaidi ya terabiti 50 kwa sekunde kwa umbali wa kilomita 75, wakitumia rangi 179. Kijipete kimoja kinaweza kuchukua nafasi ya leza nyingi, jambo linaloweza kupunguza vifaa na umeme unaotumika katika vituo vya mawasiliano na vya kuhifadhi taarifa.

Somo kwa wananchi

Historia hii inaonesha kwamba miaka 139 ilipita tangu Russell aone wimbi lake hadi Hasegawa na Tappert walipotabiri la mwanga, na kwamba nukta ya Michigan ilionekana uchafu kabla ya kuwa msingi wa vifaa vilivyoenea duniani kote. Aliyeona jambo geni alilipima na kuliandika, na waliofuata wakalitumia kwa namna ambayo yeye asingeweza kuikisia. Kwa mwanafunzi wa sekondari anayejifunza mawimbi, sura hiyo ya kitabu cha fizikia ndiyo mlango wa kazi za uhandisi wa mikongo, leza za tiba na vipimo vya kisasa.

Tarehe 12 Julai, 1995, wanasayansi waliokutana Edinburgh walikwenda kwenye Mfereji wa Union na kulizalisha tena wimbi la Russell, wakitumia mashua kama alivyoona yeye, katika sehemu ya mfereji ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Chini ya njia ya kando ya mfereji huo, ile aliyopita Russell juu ya farasi, umelazwa mkongo wa nyuzi za kioo unaounganisha Edinburgh na Glasgow.